Holsta, triga na saiti za bastola ya kubeba chini ya shati: nilizotumia hapa Mombasa

Hii ni ya wale wenye leseni tu, yaani cheti chako cha Firearms Licensing Board unacho, sefu iko nyumbani imefungwa kwa boliti, na namba ya bastola yako inajulikana. Kama huna hayo pita tu ndugu yangu, hapa hapakuhusu.

Haya. Jamaa tunaopiga nao shabaha kule Bamburi kila mara wananiuliza mambo ya triga, ati nitie triga gani (kile kidude unachovuta kufyatua) iwe laini, au ile saiti, yaani kilengeo, ya nukta nyekundu inayowaka ndani ya kioo ni nzuri, na mimi namwambia hebu kwanza nionyeshe holsta yako, ile ala ya kubebea bastola. Basi anapandisha shati na unaona Glock ya malaki ya pesa imetumbukizwa kwenye kifuko cha nailoni kilichonunuliwa elfu moja na kitu, na mshipi wenyewe ni ule wa suruali ya ofisini, umeshapinda. Wallahi inanikera. Mtu ana pesa ya triga lakini ya holsta ati ni ghali.

Tuanze na hiyo nailoni basi tumalizane nayo. Ile inatengenezwa iingie bastola yoyote, saizi moja kwa wote kama soksi, na hapo ndipo ubaya ulipo. Haishiki bastola, ukiinama kuokota funguo inateleza. Mdomo wake unajifunga ukichomoa, kwa hivyo kurudisha lazima utumie mkono wa pili kuupanua, na huo mkono wa pili sasa uko mbele ya mtutu. Halafu kitambaa ni laini kiasi kwamba ukibonyeza kwa nje unaihisi triga kabisa, sasa kama wewe unaihisi kwa kidole basi na kona ya meza, funguo za gari au mkanda wa siti vinaweza kuisukuma vilevile. Ile kamba ya kufungia na kifungo cha chuma nayo, nimeona ikiingia ndani ya kile kiduara cha triga wakati mtu anarudisha bastola. Nyota sifuri. Hata ya bure usichukue.

Kwa wenye Glock hili ni muhimu zaidi, kwa sababu Glock haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kugeuza kwa kidole gumba. Sefti zake ni tatu, moja ni ule ulimi kwenye uso wa triga na mbili ziko ndani, na zote zinafunguka zenyewe triga ikivutwa. Ikianguka, sawa, imetengenezwa isilipuke. Lakini triga ikivutwa na kitu chochote, kidole ama pindo la shati ama ile kamba ya jaketi yenye kifundo, risasi inatoka. Kwa hivyo kwa bastola ya aina hiyo holsta ndiyo sefti yako ya nje, hakuna nyingine.

Niliyokaa nayo muda mrefu sasa ni ya Kydex, ile plastiki ngumu inayopashwa moto ikafinyangwa kwa umbo la bastola yako haswa. Yangu ni ya kuvaa ndani ya suruali, imeagizwa kwa jina la modeli yenyewe, na kungoja ilikuwa mtihani, mara ushuru mara hivi, lakini ilipofika niliipenda. Ukiisukuma ndani inalia tak, unajua imeshika. Kiduara cha triga kimefunikwa chote pande zote mbili, na mdomo haujifungi hata ukaze mshipi vipi. Jasho halifanyi kitu, unaiosha kwa maji na sabuni unaianika. Na Mombasa tunajua jasho, ukivuka feri ya Likoni saa saba mchana umesimama pale katikati ya watu ukishuka upande wa pili shati limelowa mgongo mzima.

Mabaya yake yapo. Inakwaruza rangi ya bastola, hilo kubali tu. Inachoma ngozi ya mwili, bila fulana ndani utapata alama nyekundu ubavuni. Skrubu zinalegea, haswa ukikaa kwenye tuktuk za barabara za ndani, kwa hivyo zitie ile gundi ya skrubu ya bluu na uzikague mara kwa mara. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani, plastiki hii imepindwa kwa moto na moto unaweza kuipinda tena.

Sasa ngozi. Mimi ngozi naipenda, sisemi uongo, inakaa mwilini vizuri na haipigi kelele. Mji wa Kale kuna fundi mmoja mzee anashona viatu na ala za majambia, kazi yake safi mashallah, nikampelekea kazi ya holsta. Angalia, sikumpelekea bastola, silaha haiachwi kwa fundi asiye na leseni hata dakika, nilimpelekea ile ya plastiki ya bluu ya mazoezi ambayo ina umbo lile lile na haina chochote ndani. Nikamwambia, "Ami, hapa mdomoni nataka pawe pagumu, patie bati ndani pasijifunge." Akaniangalia akacheka. "Bati, mwanangu? Kwa chumvi hii ya bahari? Bati litaoza kabla ya uzi. Tutie ngozi mbili, tushone mara mbili, nikulowanishe nikufinyangie juu ya hiki kibluu chako, kikikauka ni kama ubao." Na ndivyo alivyofanya, akafinya kwa mfupa kuzunguka kiduara cha triga mpaka umbo likatoka. Nikamuuliza ngozi imedabighiwa kwa kitu gani akasema magome, si kemikali, na hilo ni jambo zuri maana ngozi zinazodabighiwa kwa chumvi za kemikali zinakula chuma.

Ilikuwa nzuri kweli miezi ya kaskazi. Ilipofika masika, unyevu na jasho pamoja, ikaanza kulainika upande wa mwilini na ule ukingo wa juu ukaanza kupinda kuelekea ndani. Na hapo ndipo nilipoiweka kando, kwa sababu ukingo uliopinda ukishuka pamoja na bastola unaingia kwenye kiduara cha triga, wewe unasukuma chini unadhani inakwama kumbe unaivuta triga. Ajali za namna hiyo zimetokea kwa watu, si hadithi. Kosa si la fundi, kazi yake iko sawa, ni hali ya hewa yetu. Kama wewe ni wa ofisi yenye eyakondishen na gari lenye eyakondishen unaweza kukaa na ngozi, lakini ikague kila wiki na ikilainika uiache. Na usiku usilaze bastola ndani ya ngozi, ngozi inafyonza jasho na asubuhi utakuta vidoa vya kutu kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma.

Kuna na zile za kufunga kwa kitufe, unabonyeza kwa kidole cha shahada ndipo bastola itoke. Kwa picha ni nzuri. Lakini fikiria, kidole kile kile kinabonyeza kwa nguvu kuelekea ndani, na bastola ikitoka kinaendelea kubonyeza, na kinachofuata hapo ni triga. Shule kadhaa za mafunzo Marekani zimezipiga marufuku kwa sababu hiyo. Mimi siitaki.

Namna ya kujaribu holsta kabla hujaiamini: toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho na utie kidole kabisa, risasi zote ziweke chumba kingine. Tia bastola, igeuze juu chini juu ya kitanda uitikise, isianguke. Bonyeza kwa nje pale penye triga kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote ukisikiliza kama imefyatuka, halafu chomoa. Vaa, kaa kitini, inama, panda ngazi. Na wale tunaoswali, jaribu rukuu na sijda hapo hapo chumbani, maana hili hutaliona kwenye video za Wazungu. Ukivaa nyuma ya nyonga, shati linapanda kwenye rukuu na safu nzima ya nyuma yako inaona kitako cha bastola. Ukivaa mbele karibu na kitovu, kwenye sijda inakuchoma tumbo na mtutu unaelekea pajani, sehemu ambayo hutaki uelekee. Mimi Ijumaa na kanzu naiacha kwenye sefu, kwisha maneno, kanzu nayo kuipandisha hadi kiunoni ni shughuli ya siku nzima.

Na wakati wa kurudisha bastola usiwe na haraka. Shati weka mbali kwa mkono wa kushoto, tazama kwa macho, kidole kiko juu kwenye slaidi. Kama bastola yako ina nyundo nyuma kama Ceska (CZ 75), weka kidole gumba juu ya nyundo ukishuka, ikijivuta utaihisi.

Triga sasa, na hapa sitakaa sana. Iache ya kiwanda. Ya Glock ya kawaida inavutwa kwa uzito wa kilo mbili na nusu hivi na hiyo ni sawa kwa kubeba. Watu wanatia vipande vya kupunguza na springi laini, wakiwa renji wanafurahi, lakini springi ya ile pini inayogonga risasi ikiwa laini sana risasi ngumu inakataa kulipuka, na wewe uliibeba kwa ajili ya siku ile moja. Na uzito wa kipande chenyewe cha triga, si ule wa kuivuta, nao una maana. Mwaka 2017 SIG Sauer walitangaza marekebisho ya hiari ya P320 baada ya majaribio kuonyesha inaweza kulipuka ikianguka kwa pembe fulani, na kilichobadilishwa ni pamoja na triga, ikawekwa nyepesi zaidi, kwa sababu bastola ikigonga sakafu na kisogo chake ile triga nzito inaendelea kwenda nyuma kwa uzito wake. Sasa kama kiwanda kilipata shida hapo, wewe na bisibisi yako mezani mnatafuta nini?

Wenye CZ 75, zile tunazoita Ceska, triga yenu mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito na unaofuata ni mwepesi, na kwa kubeba mimi naona huo uzito ni rafiki. Angalia tu kama yako ina kile kidude cha kushusha nyundo au haina. Isiyo nacho, kushusha nyundo kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo chemba ni kazi inayotaka utulivu na mtutu uelekee pahali salama, kwa hivyo hiyo bora uibebe nyundo iko juu na sefti imefungwa, na holsta iwe inazuia sefti isijifungue. Na ukiona jamaa anauza SP-01 Shadow ati triga yake tamu, ni tamu kweli, lakini ile imetengenezwa kwa mashindano na imetolewa kile kizuizi cha pini ndani. Ya mashindano ibaki ya mashindano. Kazi yoyote ya ndani ya bastola mpelekee dila, muuza silaha, mwenye leseni.

Saiti. Zile za plastiki zinazokuja na Glock zinaliwa na holsta taratibu, kona zinakuwa mviringo, badilisha utie za chuma. Za tritiamu zinawaka zenyewe gizani, nzuri usiku kwenye vichochoro taa zikipotea, lakini tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo, kwa hivyo ukiuziwa ya mtumba angalia mwaka ulioandikwa, na ni kitu cha mionzi basi inunue kwa dila mwenye makaratasi yake. Saiti ya nyuma nyeusi tupu na ya mbele yenye rangi kali, huo ndio mpangilio ninaoupenda mimi, jicho linaenda mbele moja kwa moja, nukta tatu sawasawa zinanichanganya nikiwa na haraka.

Nukta nyekundu nimeijaribu na ni tamu, haswa macho yakianza kuzeeka, unatazama shabaha tu. Shida ni hapa petu. Ukitoka kwenye gari lenye eyakondishen ukaingia kwenye joto la nje kioo kinafanya ukungu papo hapo, sawa na miwani yako, na zile za wazi zinajaa vumbi na nyuzi za fulana. Ukiitaka chukua iliyofungwa pande zote, ujue na holsta lazima iwe imekatwa nafasi yake, betri ubadilishe kabla haijafa, na saiti za chuma za juu zibaki. Leza sizitaki kabisa, mchana wa Mombasa huioni na usiku unamulika ulipo.

Kama pesa haipo, saiti ya mbele ipake rangi nyeupe ya kucha kwanza, ikikauka juu yake rangi ya chungwa kali. Futa mafuta yote kabla la sivyo itabanduka, na kila ukisafisha bastola kwa dawa utapaka upya. Yangu ya sasa ni ya mke wangu, na chupa bado anaitafuta.