Ngeta, judo na upanga wa mwanzi: nilicholipia na nilichokipata

Nilipigwa ngeta mwaka 2019, saa mbili kasoro usiku, kwenye kichochoro kimoja karibu na River Road, Nairobi. Mkono ulinizunguka shingo kutoka nyuma, visigino vikaachana na lami, na mwenzake akapitisha vidole mifukoni mwangu taratibu kama fundi anayepima suruali. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea mlango wa duka, kiatu kimoja hakipo. Simu na pochi hata sizitaji.

Wiki ileile nilijiandikisha kozi ya kujilinda. Tangu hapo nimelipia mafunzo ya aina nne, mawili Nairobi na mawili Kyoto nilipokwenda kusoma. Kwa kuwa kila mara kuna mtu ananiuliza ajiunge wapi, bora niandike mara moja.

Kozi ya kwanza ilikuwa shilingi 8,000 kwa wiki nane, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wenye vioo ukutani. Ilikuwa mseto: ngumi kidogo, mateke ya karate, mbinu za krav maga, kujilinda kwa Kiisraeli. Kocha alikuwa mchangamfu, na siku ya kwanza alisema neno ambalo bado nalishika: "Simu inanunuliwa, shingo hainunuliwi. Mpe." Kwa hilo tu nampa maksi zake. Shida ilikuwa mazoezi yenyewe. Tunapangwa wawili wawili, mwenzangu ananikaba kwa adabu, mimi nahesabu: moja, kidevu kwenye kiwiko chake, mbili, vuta mkono, tatu, geuka, nne, goti la kinena. Naye anaanguka kabla goti halijamfikia. Kisu kilikuwa cha plastiki, na mwenye kisu alichoma mara moja kisha akaganda, mkono umenyooka, akisubiri nimnyang'anye. Wiki ya sita nikamwomba mwenzangu, jamaa mmoja wa benki mwenye mabega, anikabe kweli na asiachie. Nikahesabu moja, nikahesabu mbili, tatu haikufika. Kocha akatuambia tunaharibu mbinu. Wiki ya nane nikapewa cheti chenye picha ya ngumi.

Judo niliipata kwa kuelekezwa na huyohuyo wa benki. Ukumbi wa chuo, mikeka iliyoshonwa na kushonwa tena, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mzima tulifundishwa kuanguka: kinyumenyume, kiubavu, kimbele, mkono ukipiga mkeka kofi ili bega lisivunjike. Nilikereka sana. Nimelipa nijifunze kuangusha watu, mnaniangusha mimi? Mwezi wa pili tukaanza randori, yaani mweleka huru, na hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Mwenzako hakubali. Unamvuta, anakaza, unamtegea mguu, anauondoa, na wewe ndiye unayejikuta unatazama dari.

Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alipoianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka 21, alikuwa na mikeka 12 kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo. Alizichukua mbinu za jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani alizosomea, za kuua na kuvunja akazibakiza kwenye mazoezi ya kupangwa, na zilizobaki akaziruhusu zifanywe kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa. Ngeta yenyewe ina jina la heshima kule: hadaka-jime. Nilikabwa hivyo na binti wa kilo 57, nikagonga mkeka mara mbili, akaachia. Nikakabwa tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kufikia mara ya thelathini hofu ilikuwa imepoa, na nikaiona ile nusu sekunde, kabla mkono haujakaza, ambayo kidevu kinaweza kuingia. Ikishapita hiyo, mbinu imekwisha, unabaki kugonga tu. Na River Road huna wa kumgongea.

Basi mwaka 2022 nikaenda Kyoto. Huko nilijiunga na kikundi cha kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, kwenye ukumbi wa mtaa, mchanganyiko wa watoto wa shule, akina mama wawili na wazee. Ada ilikuwa yeni 2,000 kwa mwezi, na deraya niliazimwa. Shinai, yaani upanga wa mazoezi, nilinunua mwenyewe: vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa kwa ngozi na uzi. Nilipoishika mara ya kwanza nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa akicheza kirumbizi Lamu, fimbo kwa fimbo, zumari na ngoma nyuma. Mzee angeiona shinai angeuliza mbona nyepesi hivi.

Sitawadanganya, miezi mitatu ya mwanzo ni mateso. Miguu ni mitupu juu ya sakafu ya mbao, na hutembei, unaburuta nyayo, kisigino cha kushoto kikiwa juu kidogo muda wote. Malengelenge yangu yalipasuka, yakapona, yakapasuka tena palepale. Kukaa kwa magoti hadi ganzi. Kisha siku unapovaa deraya kamili unafunga kitambaa kichwani, unavaa kofia yenye vyuma usoni, na unaingiza mikono kwenye glavu zilizovaliwa na vizazi vya vijana wenye jasho. Ile harufu haielezeki. Nilioga mara mbili na bado niliisikia kwenye ugali.

Shabaha ni nne tu: kichwa, kifundo cha mkono, ubavu, na koo kwa kuchoma. Unapopiga lazima uitaje kwa sauti, na sauti, upanga na mguu vifike kwa pamoja. Hata ukifika, waamuzi wanatazama ulivyobaki baada ya pigo: ukishangilia, pointi inaweza kufutwa. Mimi Mswahili wa pwani, nimezoea kushangilia hata karata, hilo lilinishinda kwa muda mrefu.

Sensei wetu, yaani mwalimu, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa polisi mstaafu. Nilidhani ni sadfa, kumbe sivyo. Mwaka 1876 serikali ya Japani ya enzi za Mfalme Meiji ilipiga marufuku watu kutembea na panga kiunoni, na walimu wa upanga wengi walikuwa wameshakosa riziki. Mmoja wao, Sakakibara Kenkichi, alikuwa ameanza tangu 1873 kuandaa mapambano ya kutazamwa kwa kiingilio, kama sarakasi, ili wenzake wapate cha kula. Mwaka 1877 yakaja maasi ya Satsuma, kusini mwa Japani, na huko Tabaruzaka polisi wenye panga wakapelekwa kupambana na waasi. Walifanya vizuri kiasi kwamba baadaye polisi wa Tokyo wakaanza kuwaajiri walimu wa upanga. Hadi leo polisi ni ngome ya kendo. Mzee alinihadithia haya huku akiirekebisha shinai yangu kwa kisu kidogo, akiondoa vijipande vilivyochanika, na kila baada ya sentensi akiipitisha kidole gumba kuitafuta ncha inayochoma.

Lililonigusa zaidi ni la zamani kuliko hilo. Enzi za vita, upanga haukuwa silaha kuu. Kulikuwa na pinde, mikuki, na tangu Wareno walipofika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, bunduki. Upanga ulikuja kutukuzwa hasa wakati wa amani ya Watokugawa, ukoo uliotawala Japani kuanzia 1603 hadi 1868, na shule zikachipuka kila mahali. Mazoezi yalikuwa kata: wawili, panga za mbao, kila hatua inajulikana, na mkubwa ndiye anayeshika upande wa kushindwa ili mdogo ajifunze. Ni Jumamosi yangu ya Nairobi, ila kwa ustadi wa juu sana. Na kulikuwa na sababu: upanga wa mbao unaua. Inasimuliwa kwamba Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga, alimuua mpinzani wake Sasaki Kojiro kwa upanga wa mbao, kwenye kisiwa cha Ganryujima mwaka 1612. Huwezi kumwambia mwanafunzi apige kweli kwa kitu kama hicho kisha uwe na mwanafunzi kesho.

Ndipo katika karne ya 18 Naganuma Kunisato, miaka ya 1710, na baada yake Nakanishi Chuzo, miaka ya 1750, wakaiboresha deraya na shinai ili watu wapigane kwa nguvu zote na bado warudi nyumbani. Wapo waliokasirika. Walisema huo sasa ni mchezo wa fimbo, kwamba mtu anayejua hatakufa hajifunzi upanga. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Kocha wangu wa Nairobi na jamaa wa benki walikuwa wakiendeleza ubishi wa karibu miaka 300 bila kujua.

Mimi nilijihesabu upande wa Nakanishi moja kwa moja, mpaka nilipojaribu iaido, mafunzo yangu ya nne. Huku hakuna mpinzani kabisa. Unapiga magoti, unachomoa upanga na kukata kwa mwendo mmoja, unakung'uta damu isiyokuwepo, unaurudisha alani. Shirikisho la kendo lina kata 12 za kuanzia. Upanga wangu, wa mtumba, ulikuwa wa aloi usio na makali, ila ncha ilinichoma mkono wa kushoto mara tatu wakati wa kuurudisha bila kutazama. Baada ya mwaka mmoja nilirudi kwenye kendo na nikagundua mabega yangu yametulia. Sijui kulieleza vizuri, lakini sikuwa tena na haraka ya kupiga.

Mwanzoni mwa Mei nilikwenda kutazama mashindano ya Butokuden, ukumbi wa mbao uliojengwa mwaka 1899 karibu na hekalu la Heian. Nilitazama wazee wa dani ya nane, daraja ambalo mtihani wake anafaulu kama mtu mmoja kwa mia. Wawili walisimama, ncha za shinai zikigusana, dakika nzima karibu bila kusogea. Kisha mmoja akasogea nusu unyayo, na mwenzake akawa ameshapigwa kichwani. Kile ndicho wanachokiita maai, nafasi kati yako na mtu. Nilikaa pale nikikumbuka kichochoro changu: wale vijana nilikuwa nimewaona. Walikuwa wawili, mmoja alipunguza mwendo, mwingine akavuka barabara akaja nyuma yangu, na mimi nilikuwa nasoma ujumbe.

Kwa hiyo mkiniuliza: una miezi michache na pesa kidogo, unataka kujilinda tu? Nenda judo, uvumilie ule mwezi wa kuanguka. Karate nayo ni nzuri mahali wanapopigana kweli. Kozi fupi, nenda, lakini siku ya kwanza muulize kocha kama mwenzako anaruhusiwa kukataa, na umtazame usoni akijibu. Kendo usijiunge kwa ajili ya wezi. Jiunge ikiwa unaweza kupenda kitu kwa ajili ya kitu chenyewe.

Tangu nirudi Mombasa sijapigana na mtu. Mwaka jana bodaboda iliteleza mvuani Bamburi, nikaruka kiubavu, mkono ukapiga lami kofi wenyewe kabla sijafikiri. Nilichubuka kiwiko. Shinai yangu imesimama nyuma ya mlango wa jikoni, na mama anaitumia kuangulia maembe. Kipande kimoja kimeshapasuka. Nimemwambia mwanzi uliopasuka ukipenya kwenye vyuma vya kofia unatoa jicho. Akaniuliza maembe yana macho wapi.