Daktari wa mbwa anayekuja mpaka nyumbani, Kinyerezi, Dar es Salaam: maoni yangu baada ya miezi mitatu

Sisi familia bado changa, mi na mume wangu, mtoto wa miaka mitatu, mdogo wake wa miezi minane na dada anayetusaidia kazi. Ukuta wetu haujaisha upande mmoja na mwaka huu tumeshaibiwa mara mbili, kwanza mtungi wa gesi afu pampu ya maji, ndo baba watoto akasema basi, tunafuga mbwa. Siku mbili baadae akarudi jioni na boksi la biskuti, ndani kimbwa cha kahawia masikio yamelala, muuzaji kamwambia ni chotara wa Jamani Shepadi, ana miezi miwili na kashachanjwa kila kitu. Kadi ya chanjo hamna, eti atatuma picha WhatsApp. Mpaka leo hajatuma.

Tukamuita Simba. Wiki ya kwanza hakuna aliyelala jamani, analia usiku kucha, mtoto mdogo akiamka na yeye anaamka, anakojoa kwenye mkeka, anang'ata miguu ya mkubwa wanapocheza mpaka mtoto akawa anapanda kwenye kochi hataki kushuka. Na viroboto na kupe walikuwa wamejaa masikioni, ukifunua sikio unawaona wamepangana kama mbegu za ufuta.

Hapo ndo tulipokosea. Mume wangu akaenda duka la dawa za mifugo, akauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuchanganya na maji, muuzaji hakuuliza mbwa ana umri gani wala uzito, akamwambia we changanya vifuniko viwili tu kwenye ndoo. Tumemuogesha saa kumi na moja jioni, kufika saa mbili usiku Simba hasimami. Amelala ubavu, macho nusu wazi, ukimwinua kichwa kinaanguka, tumbo la baridi. Mkubwa anauliza mama Simba amekufa, mi najibu hapana huku mikono inatetemeka.

Jirani ndo akatupa namba ya huyu daktari. Jina siliweki hapa kwa sababu sijamuomba ruhusa, ila nataka niseme alivyofanya kazi, maana wengi wetu tunafikiri daktari wa mifugo ni wa ng'ombe na kuku tu.

Kwanza alipokea simu saa tatu kasoro usiku. Kabla hajapanda pikipiki akaniambia, "Mama, mwosheni sasa hivi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, dawa yote itoke, vaa glavu au mfuko wa nailoni mikononi, halafu mkaushe umfunge kwenye kanga. Hiyo chupa usiitupe, nataka kuiona." Tukafanya hivyohivyo. Akafika saa nne hivi, akasoma chupa, ilikuwa dawa ya kupe inayoitwa amitraz, akasema hii inashusha mapigo ya moyo na joto la mwili na watoto wa mbwa hawaiwezi kabisa. Akampima joto, akamsikiliza moyo, akamchoma sindano, akakaa naye sebuleni mpaka saa saba kasoro. Simba alivyonyanyua kichwa akalamba ile kanga, mume wangu alitoka nje, najua alienda kulia.

Asubuhi yake akarudi kumwangalia, na hii siku ya pili ndo imenifanya niandike. Nilitegemea ataangalia mbwa aondoke. Swali la kwanza aliuliza, "Kuna mtu ameng'atwa au kuparuzwa akatoka damu?" Akaangalia miguu ya mtoto yeye mwenyewe, hakuona kidonda. Akatuelekeza kwamba mbwa yeyote akimng'ata mtu, wetu au wa mtaani, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu mnakimbia hospitali siku hiyohiyo, hamsubiri muone kama mbwa atabadilika, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa binadamu ndo basi tena.

Akamfungua Simba mdomo, meno ya nyuma ndo yalikuwa yanatoboa, akasema huyu hana miezi miwili, ni wiki tano au sita, katolewa kwa mama yake mapema, ndo maana analia vile. Yale maelezo ya muuzaji kwamba kachanjwa kila kitu akasema tuyasahau, tunaanza upya. Akatuandikia kwenye kadi: chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu wa mbwa, na wenzake ikianza wiki hiyo kama mbwa ameshapata nguvu, inarudiwa kila baada ya wiki tatu mpaka afikishe wiki 16, kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu afu kila mwaka, dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka miezi mitatu. Na mpaka chanjo ziishe asitembezwe barabarani, maana parvo inakaa kwenye udongo miezi na miezi.

Dawa ya minyoo ilivyofanya kazi, kesho yake kwenye choo chake ilitoka kama tambi nyeupe zilizopikwa. Nilitaka kumrudisha mbwa siku hiyohiyo, mtoto wangu anachezea mchanga uleule. Nikapiga simu, akanituliza vizuri tu, kwamba mayai ya hiyo minyoo hayaambukizi yakiwa mapya, yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo, kwa hiyo choo kikiokotwa kila siku na mtoto akinawa kabla ya kula tumeshaikata njia. Tangu hapo koleo dogo lipo mlangoni na zamu ni ya baba watoto.

Afu kuna ishu ya dada yetu. Ni Muislamu, mtoto wa Tanga, na mate ya mbwa kwake ni najisi, kikiguswa chombo kinaoshwa mara saba moja kwa udongo. Hakusema kitu ila nilimuona anavyobana nguo mbwa akipita. Daktari aliona mwenyewe bila kuambiwa, akamuuliza kwa heshima, "Dada, wewe unapita wapi ukienda kuanika?" Akatushauri tuweke geti la mbao nyuma ya jiko, Simba awe na sahani yake, ndoo yake na bomba la nje, dada asihusike kabisa na chakula chake. Fundi alilifunga Jumamosi. Dada sa hivi anaimba akifua, kabla ya hapo alikuwa amenyamaza wiki nzima.

Chakula tunampa ugali wa dona na dagaa wasio na chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa, kitunguu na chokoleti ni marufuku. Kukojoa ndani kumepungua sana baada ya kuanza kumtoa kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza.

Mapungufu yapo. Akisema saa nne jiandae saa sita, foleni ya huku mnaijua, na siku moja hakuja kabisa wala hakupiga, nimekaa na mbwa njaa kwa sababu alisema asile. Jumapili simu haipokelewi. Risiti mpaka uombe. Na bei sio ndogo, ule usiku wa kwanza ulitutoka elfu themanini na usafiri wake juu, ilikuwa hela ya king'amuzi na maziwa ya mtoto. Ila nilipomuuliza usajili wa Baraza la Veterinari alinionyesha palepale hakukasirika, na we ukimwita yeyote muulize hivyo.

Kwenye chanjo ya kichaa daktari alitufundisha kitu, kichupa kimoja kinachanja mbwa kumi na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe siku hiyo. Nikapita kwa majirani. Jumamosi iliyopita walikuja mbwa tisa na kamba zao, wengine wamefungwa kwa kanga, usafiri wa daktari tukagawana, na mwanangu ndo alikuwa anashika kadi, anampa kila mwenye mbwa ya kwake.