Uzoefu Wangu: Vipande vya Mbao vya Kujengea kwa Watoto wa Chekechea

Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa Lamu, na sisi tunaokaa mtaa wa Langoni twajua maana yake: vichochoro huwa tope tupu, mitaro hufurika, na watoto waliozoea kushinda nje hubaki ndani na nguvu zao zote. Nina wawili, binti wa miaka mitano aliye PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, na mdogo wake wa miaka mitatu na nusu. Nilipochoka kuwapa simu ili watulie, nilimwagiza fundi seremala anitengenezee vipande vya kujengea kutokana na mabaki ya mbao za mwembe. Nililipa shilingi 2,500 kwa vipande 48, nikasubiri siku tisa.

Nimeridhika navyo sana, ingawa mwanzo haukuwa mzuri. Kingo hazikupigwa msasa wa kutosha, na siku ile ile kibanzi kilimwingia mdogo kidoleni. Nilivirudisha vyote, na fundi akakubali kosa bila ubishi, akavipiga msasa upya na kuzivunja zile pembe kali. Rangi sikutaka, kwa kuwa mtoto wa umri huo bado hutia vitu kinywani. Tulivipaka mafuta ya nazi tu.

Kilichonivutia zaidi ni vipimo. Kipande kirefu ni sawa na viwili vya kati, na cha kati ni sawa na viwili vifupi, hivyo mtoto anapokosa kirefu hugundua mwenyewe jinsi ya kuziba pengo. Imo pia michemraba minane midogo inayokusanyika kuwa mmoja mkubwa, mpango ule ule aliouweka Mjerumani Friedrich Froebel, mwanzilishi wa chekechea, katika zana zake za karne ya 19. Kwa bahati mbaya miwili kati ya yangu imezidi mingine kwa unene wa ukucha, na mnara ukipanda juu huanza kuinama.

Jioni moja binti alijenga nyumba, kisha akalaza vipande viwili vifupi, kimoja kila upande wa mlango. Nilipomuuliza ni nini, alinijibu, "Ni daka, mama, babu akae na wageni wake," yaani kibaraza cha mlangoni. Mdogo akaanza nyumba ya pili ubavuni, dada yake akamwambia aisogeze kwa sababu punda hapiti. Wakapima kwa viganja, wakabomoa ukuta, wakapima tena, mpaka uchochoro ukatosha. Nilikuwa nimekwisha kukuna nazi mbili na bado hawajaniita.

Atakayeagiza atandike mkeka kwanza, kwani vipande vikianguka kwenye sakafu ya ghorofani, walio chini hawapati usingizi. Atoe nusu tu kwa wakati mmoja, maana siku niliyomwaga vyote 48 waliishia kurushiana. Na kama nyumbani yupo mtoto wa chini ya miaka mitatu, kila kipande kinachopenya ndani ya gamba linalobaki karatasi ya choo inapokwisha akiweke mbali, kwa kuwa kinaweza kumkaba.

Nimerudi kwa fundi yule yule kuagiza matao manne, kwa sababu binti analalamika kwamba mtaa wake hauna msikiti.