Tahadhari: anayeuza "mbegu ya minyoo weupe" kwenye vikundi vya Nakuru na Kisumu

Wenzangu mnaofuga samaki wa mapambo, kuna mtu anauza mbegu ya minyoo weupe, yaani kopo la minyoo hai wa kuanzia kuzalisha chakula cha samaki, kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp na Facebook, Nakuru na Kisumu, na sasa ameanza kusogea Kakamega. Msimtumie pesa. Kopo moja anauza shilingi 1,500. Akiona una hamu anakupandisha hadi "kifurushi cha biashara": makopo kumi kwa 12,000, pamoja na ahadi kwamba minyoo wakishazaana atawanunua kwako kwa kilo.

Makopo yake nimeyafungua kwa mikono yangu. Waliouziwa waliniletea, wengine wakanitumia video, kwa kuwa wanajua minyoo weupe hawakosekani kwenye stoo yangu hapa Nakuru. Katika yote niliyoyaona sikukuta mnyoo mweupe hata mmoja.

Mengi yalikuwa na mabuu wa nzi kwenye pumba iliyoloa. Buu ni rahisi kumtambua ukimweka juu ya kioo chenye tone la maji: mbele amechongoka, nyuma ni butu, na hapo nyuma utaona madoa mawili ya rangi nzito, ndimo anamopumulia. Siku chache baadaye anajifunga kifuko cha kahawia, kisha sebule inajaa nzi. Mnyoo mweupe wa kweli ni uzi mwembamba wa rangi ya maziwa, sentimita mbili hadi tatu, pingilipingili ukimwangalia kwa karibu, na hujikusanya na wenzake donge moja pale chakula kilipo. Ukishawaona mara moja huwezi kuwachanganya.

Makopo mengine yalikuwa na nyungunyungu wachanga kwenye udongo mweusi. Wamulike kwa tochi ya simu: nyungunyungu ana mstari mwekundu wa damu unaopita mwilini, mnyoo mweupe hana. Nyungunyungu hadhuru samaki, ila yule mwekundu wa kwenye mboji hutoa majimaji machungu akiguswa, na samaki wengi humtema. Kwa samaki wadogo kama gapi au beta, atakayekua pale ni mkubwa kupita mdomo.

La hatari zaidi lilikuwa lile lenye tubifeksi, wale wekundu wembamba wanaosimamisha mikia kwenye tope na kuipeperusha. Hao hawaishi kwenye udongo mkavu wa kopo. Wanachotwa kwenye mitaro ya maji machafu, na wanakuja na bakteria na vimelea vya huko walikotoka. Mama mmoja wa Kisumu aliwamwaga moja kwa moja kwenye tangi la watoto wake. Samaki wa dhahabu walivimba matumbo, magamba yakasimama, wakaisha mmoja baada ya mwingine. Siwezi kuapa kwamba ni minyoo wale, lakini mimi tubifeksi wa mtaroni simtii tangini hata akiletwa bure.

Sasa tuje kwenye uongo wake mkubwa, ambao ungeweza kumfichua kabla hujatuma hata shilingi. Ukimuuliza kuhusu joto anajibu, "Mkuu, hao wanavumilia hata jua la Kisumu." Hapana. Minyoo weupe ni viumbe wa ubaridi. Wanastawi kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi, na joto likipita 25 wanaanza kufa, wakioza kopo zima linanuka. Kisumu mchana ni nyuzi 29 au 30 karibu mwaka mzima. Mtu wa Kondele au Nyalenda anayeishi chini ya mabati hawezi kuwafuga bila friji au sehemu yenye ubaridi wa kudumu. Sisi wa Nakuru, tulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tuna nafuu kwa sababu usiku unapoa. Hata hivyo mimi huwaweka kwenye chungu cha udongo kilichosimama ndani ya beseni lenye maji kidogo, kivulini, na Januari na Februari nawachungulia kila siku. Muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza uko wapi kabla ya kukuuzia. Huyu hakuuliza mtu yeyote.

Na joto hilohilo analolikana ndilo linalomlisha mara ya pili. Mzigo anautuma kwa matatu, kopo limefungwa kwa selotepu bila hata tundu. Ukifika na ukilalamika anakuambia waliokufa waliuawa na joto la gari, yeye hana kosa, lakini kwa huruma yake atakutumia wengine kwa nusu bei. Kuna waliolipa hiyo nusu. Baada ya hapo namba haipatikani, au unakuta amekufungia.

Kuhusu kununua kwa kilo: hebu jiulizeni nani anakula kilo ya minyoo weupe. Tangi la sebuleni linahitaji minyoo wa kushikwa na kibano mara moja tu, na si kila siku, maana minyoo hawa wana mafuta mengi na samaki wakizidishiwa wananenepa vibaya. Hesabu ya kilo ameikopa kwa wanaofuga BSF, wale mabuu wa inzi mweusi wanaolishwa taka za jikoni na kuuzwa kama chakula cha kuku na tilapia. Hiyo ni kazi halali, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo kizima cha utafiti wa wadudu kama chakula na lishe. Yeye amechukua maneno ya huko akayabandika kwenye picha ya minyoo. Waliokuwa wakifuga mwaka 2013 na 2014 wanaikumbuka biashara ya kware: aliyepata pesa ni aliyeuza ndege wa kuanzia, na walionunua mwishoni wakabaki na mayai yasiyo na mnunuzi. Huyu hata ndege hana.

Kama umeshatuma pesa, fanya haraka. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe zirudishwe. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa, na akishatoa hakuna cha kurudisha, kwa hiyo usikae ukibishana naye kwanza. Ujumbe wake wa utapeli upeleke kwa 333. Hifadhi mazungumzo yote pamoja na jina lililotokea kwenye M-Pesa (halifanani na lile la ukurasa wake, na kila niliyeongea naye alipewa namba tofauti), kisha uende kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Najua wengi wanaona haya kwenda kuripoti minyoo. Ripoti wizi.

Wanaotaka kuanza kweli, hasa Kisumu, Busia na sehemu zote za joto, achaneni na weupe. Chukueni grindali, ndugu zao wadogo wa kama sentimita moja, wanaomudu nyuzi 20 hadi 26 bila shida. Kama una vifaranga wa gapi au beta, mikrowomu, minyoo wadogo mno, wanatosha kabisa: uji mzito wa unga wa mahindi uliopoa, hamira ya kunyunyiza tu juu, kijiko kimoja cha mbegu kutoka kwa rafiki, kifuniko chenye matundu madogo yaliyozibwa na kitambaa ili nzi wasiingie. Ndani ya siku tatu hadi tano wanaanza kupanda kuta za kopo, unawapangusa kwa kidole. Wape samaki kidogo kidogo, kwani majini hawakai siku mbili. Kopo likianza kuchachuka sana na kuwa maji, anzisha jipya kwa kijiko cha lile la zamani. Mbegu hii kwa desturi yetu hugawanywa. Nauli ya mzigo ndiyo unayolipa.

Na muuzaji yeyote wa minyoo, awe huyu au mwingine, mwombe video ya sasa hivi: kopo liko wazi, kipande cha mkate wanachokula kimeinuliwa minyoo wamejaa chini yake, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Aliye nao hamalizi dakika mbili. Huyu alipoombwa alisema minyoo hawapendi mwanga wa simu.

Picha anayotumia ni ya bakuli la buluu lenye donge la minyoo na mkono wenye glavu nyeupe. Ameibadilishia maandishi tangu wiki iliyopita: kwenye vikundi vya Kakamega na Bungoma sasa ni tangazo la semina ya siku moja ya ufugaji wa minyoo, kiingilio 500, kinalipwa mapema kwa namba ya mtu binafsi, na mahali pa semina utaambiwa ukishalipa.