Strava kwenye vilima vya Kampala: toleo la bure linatosha

Strava ni programu ya simu inayopima mbio kwa GPS, kisha hukupanga na wenzako. Kila kipande cha njia ambacho watumiaji wamekiwekea alama kina orodha ya waliokipita kwa kasi zaidi. Orodha hiyo ndiyo inayomtoa mtu kitandani alfajiri: ukirudia mpando uleule kila wiki, unaona sekunde zikipungua. Kurekodi hakuli bando. Mbio hupanda mtandaoni baadaye. Ila kwanza iondoe programu kwenye mpangilio wa simu wa kuokoa betri, la sivyo rekodi hukatika njiani.

Hasara huanzia siku za mbio nyepesi. Anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 50 anafaa kwenda dakika 6 na nusu hivi kwa kilomita siku hizo, mwendo wa kuweza kuzungumza. Lakini wafuasi wanauona, basi anakaza. Akikaza kila siku, ugoko na kano ya kisigino havipati nafasi ya kupona, na mwisho wake ni kukaa nje wiki kadhaa.

Barabarani ni hatari zaidi. Ndani ya kipande, saa haisimami hata ukisimama kungoja magari. Kipande kinachokatiza njia panda kinampendelea anayejitupa mbele ya bodaboda. Vipande hivyo viacheni kabisa, tafadhali.

Na orodha zenyewe si za kuaminiwa zote. Mkimbiaji wa Uganda Joshua Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020, dakika 12:35.36, wastani wake ulikuwa 2:31 kwa kilomita, tena uwanjani. Anayeonyesha 2:10 akipanda kilima cha Naguru alikuwa juu ya pikipiki, rekodi ikiendelea. Ripoti mbio hizo. Zikiwa zako, kata sehemu uliyopanda pikipiki.

Kwenye mipangilio ya faragha, mbio nyepesi ziwekee "wewe peke yako". Ukichagua "wafuasi", hutaonekana kwenye orodha za vipande. Ficha pia mwanzo na mwisho wa njia, hadi mita 1,600 kutoka nyumbani. Wanawake wanaokimbia gizani wafanye hivyo kabla ya mbio ya kwanza. Mtu ambaye mbio zake zinakukosesha amani, zinyamazishe, hatajua.

Toleo la kulipia hufungua orodha kamili, zaidi ya kumi bora. Kwa anayejiandaa kwa kilomita 10 au 21, pesa hizo zinunue viatu.