Suti yangu ya harusi: uzoefu wa kushonewa Kariakoo

Nilifunga ndoa mwezi Oktoba mwaka jana, hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa tangu siku ile ndugu na wafanyakazi wenzangu kadhaa wameniuliza ni nani aliyenishonea suti, nimeona ni heri niandike kwa urefu yale niliyoyapitia. Fundi simtaji jina kwa sababu sijamwomba ruhusa. Ni mzee mwenye vyerehani viwili na msaidizi mmoja katika chumba kidogo cha ghorofani Kariakoo, na kinachonifanya niandike ni namna anavyoifanya kazi yake, kwa maana mtu akijua kazi nzuri inavyokwenda ataitambua kwa fundi yeyote atakayemwendea.

Suti hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliiagiza mwezi Julai kwenye duka zuri lenye kiyoyozi, ambako nilipimwa kwa dakika chache nikiwa nimevaa shati nene na simu iko mfukoni, nikaambiwa nirudi baada ya wiki tatu. Niliporudi nilikabidhiwa koti lililokwisha kushonwa mpaka vifungo. Kwa mbele lilipendeza, lakini mabega yake yalipita mabega yangu kwa upana wa kidole, na kwa nyuma, chini kidogo ya ukosi, kitambaa kilijikunja mkunjo mmoja wa mlalo ambao haukuondoka hata nilipojinyoosha. Muuzaji alisema pasi itauondoa. Pasi haikuuondoa.

Nililipeleka kwa mzee huyu nikitumaini kwamba atalirekebisha. Alinivalisha, akanisimamisha kando ya ukuta, akaniambia niusogelee taratibu kwa ubavu. Pedi ya bega iligusa ukuta kabla mkono wangu haujaugusa.

"Kijana wangu," alisema, "mikono nitaifupisha, kiuno nitakiingiza, suruali nitaipunguza, lakini bega likikosewa koti limekosewa. Nikilifumua hili, lazima nifumue mikono na ukosi pia, na fedha utakayonilipa itakaribia ya koti jipya."

Nilimuuliza kama muda unatosha, maana harusi ilikuwa imebakiza wiki saba. Alisema wiki sita zinamtosha ikiwa nitakuja kila atakaponiita, na hapo nikamwambia, "Basi mzee, tuanze upya."

Hilo la bega ningependa kila bwana harusi alishike kabla hajatazama rangi wala mtindo. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale bega lako linapoishia, usizidi wala usipungue, na ukosi wa koti ukae juu ya ukosi wa shati bila kuacha uwazi nyuma ya shingo. Hata suti ya dukani, au ya kukodi kama aliyovaa mpambe wangu, inaweza kupendeza sana mwilini ikiwa mabega yake yamekukaa, kwa sababu sehemu nyingine nyingi zinarekebishika kwa fedha kidogo.

Kitambaa tulikwenda kukitafuta pamoja, na hapo nilijifunza jambo ambalo sikulijua kabisa. Kila duka tuliloingia tuliambiwa kwamba kitambaa ni sufu safi, na pembeni pake pamechapwa maandishi ya "Super 120". Namba hiyo, inapotumiwa kwa haki, inaonyesha wembamba wa nyuzinyuzi za sufu yenyewe kabla haijasokotwa kuwa uzi. Haihusiani na uzito wa kitambaa wala haithibitishi kwamba sufu imo, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuichapa. Mzee aliomba ruhusa ya mwenye duka, akachomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo, akaziwasha kwa kiberiti. Za kitambaa cha kwanza ziliyeyuka zikawa tone gumu jeusi lenye harufu ya plastiki, nayo ni dalili ya poliesta. Za kitambaa cha tatu ziliungua polepole, zikatoa harufu ya nywele zilizoungua, na alipozisugua kidoleni zikawa majivu. Hicho cha tatu ndicho tulichokinunua, mita tatu na nusu, kwa shilingi 40,000 kila mita.

Kwa joto la Dar es Salaam, na unyevu wake, jambo hili si dogo hata kidogo. Bwana harusi huvaa koti tangu kanisani mpaka usiku wa manane ukumbini, na poliesta nzito hulizuia jasho lisitoke. Uzito unaofaa kwetu ni wa gramu 240 hadi 270 kwa kila mita ya urefu wa kitambaa, kwani kitambaa chepesi zaidi ya hapo hukunjamana upesi, na kizito zaidi ni cha watu wa baridi. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa kizibao, ingawa shangazi yangu alikitaka sana, na mzee akashauri bitana ifunike mikono, mbele, na sehemu ya juu tu ya mgongo, ili huku chini hewa ipite.

Rangi ilichukua siku nyingi kuliko nilivyodhani. Mchumba wangu hakutaka nilione gauni lake kabla ya siku yenyewe, lakini alimpa shemeji yangu kipande cha kitambaa chake, kidogo kama stempu, akaniletea. Kumbe gauni lilikuwa la rangi ya maziwa! Shati jeupe sana nililokuwa nimelinunua lingelifanya gauni lionekane limechujuka, kwa hiyo nilibadilisha shati, na suti tukachagua buluu iliyokoza isiyong'aa. Nimetazama picha nyingi za harusi za jamaa zangu, na vitambaa vinavyong'aa havipendezi chini ya taa za ukumbini, kwa kuwa kila mkunjo unamwekea mvaaji mistari myeupe mwilini.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nimheshimu fundi huyu. Hakunipa koti lililokwisha kushonwa. Mara ya kwanza aliponiita kulijaribu lilikuwa limepigwa bandi tu, kwa uzi mweupe na mishono mirefu ya mkono, lina mkono mmoja wa kushoto, halina bitana, halina mifuko. Aliniagiza nije na viatu na shati nitakavyovaa siku ya harusi. Alizunguka nyuma yangu, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza begi langu huwa nalibeba bega gani. Nikamwambia la kulia, na kwamba nimebeba kompyuta kila siku kwa miaka mingi. "Ndiyo maana limeshuka," alisema, akanionyesha mkunjo mwembamba ulioanzia chini ya kwapa la kulia kuelekea kiunoni, ambao upande wa kushoto haukuwepo. Alikata uzi wa bandi palepale, akakivuta kitambaa juu kwa kiasi kidogo sana, akakishika kwa pini, akachora kwa chaki. Mkunjo ukapotea. Upande huo baadaye aliongeza pamba nyembamba ndani ya pedi, na katika picha zote za harusi mabega yangu yako sawa.

Mara ya pili alinifanya nipige magoti. "Bwana harusi, kanisani utapiga magoti mbele ya watu wote, na nyuma yako ndiyo watakayoitazama," alisema. Nilipiga magoti, nikakaa kwenye kiti, nikainua mikono kama mtu anayecheza muziki, nikamkumbatia msaidizi wake, na kila mara alikuwa akiangalia kama ukosi unaondoka shingoni. Suruali ilinibana magotini, akaiongezea nafasi. Mikono ya koti aliipima mpaka sentimita moja na kidogo ya shati ikaonekana. Mara ya tatu ilikuwa ya kuhakikisha, na ya nne ya kuchukua.

Kwenye kifua cha koti hili la pili, kitambaa kigumu cha ndani kimeshikizwa kwa mkono, hakikubandikwa kwa gundi. Lile koti la kwanza lilikuwa la gundi, na baada ya kwenda kwa dobi mara moja tu, ingawa sikuwa nimelivaa, kifua chake kilitoa vivimbe kama mapovu. Anayenunua anaweza kujaribu mwenyewe: finya kitambaa cha mbele karibu na kifungo cha chini, vuta tabaka la nje na la ndani kila moja upande wake, na ukihisi tabaka la tatu linaloelea katikati, basi ndani pameshonwa.

Yako mambo ambayo hayakuniridhisha. Umeme ulikatika katika wiki ya mwisho, na suti ikachelewa siku mbili, jambo lililomtia mama yangu wasiwasi mkubwa. Kioo chake ni kidogo, huwezi kuuona mgongo wako, na ilinibidi nimwombe msaidizi anipige picha kwa simu. Tundu la kifungo kwenye ukosi lilishonwa kwa mashine na uzi wake ulianza kuchomoka. Alilirudia kwa mkono bila kunidai chochote. Ushonaji ulikuwa shilingi 180,000, na pamoja na kitambaa nililipa shilingi 320,000, yaani chini ya nilizolipa kwa ile ya kwanza ambayo mpaka leo sijaivaa.

Mwezi uliopita nilialikwa harusini, nikaona suruali imenibana kiunoni. Nilipompelekea mzee aliigeuza ndani nje, akanionyesha kwamba kwenye mshono wa nyuma alikuwa ameacha akiba ya sentimita tatu tangu siku ile aliyoikata. Aliifungua nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, akaishona upya, akanidai shilingi 10,000.