Vidonge vya rangi vya kuonyesha uchafu wa meno, uzoefu wangu baada ya kuvitumia

Jamani hivi vidonge vinaumbua. Unapiga mswaki wako vizuri, unatafuna kimoja, unakizungusha na mate mdomoni kama nusu dakika, unatema, unasukutua, alafu unaenda kwenye kioo. Vyangu ni vile vya rangi mbili, utando mpya wa bakteria unaonekana pinki na ule uliokaa siku kadhaa unakuwa zambarau. Meno ya mbele safiii, ila kule ndani nyuma ya meno ya chini na pembeni ya fizi za magego, weee!

Nikasukutua tena kwa fujo na maji nikajua itatoka, haitoki ng'o. Mdogo wangu anasomea meno akanicheka, akasema hao bakteria hawajatua tu pale kama vumbi, wameshika. Eti jino likishasafishwa tu, ndani ya dakika chache mate yanalipaka utando mwembamba wa protini, na hapo ndo streptokokasi (aina ya bakteria wa mdomoni) wanakuja kujinasa, ganda lao la nje lina protini na vinyweleo vinavyoshikana na hizo protini za mate, alafu wengi wao ganda lenyewe halipatani na maji kwa hiyo wanapenda kubanana kwenye jino kuliko kuelea kwenye mate. Wakishatulia, aina nyingine nazo zinawadandia wao. Streptokokasi myutansi ndo balaa zaidi, ukimpa sukari ya kawaida hii ya chai anaigeuza gundi kabisa, na gundi hiyo haiyeyuki kwa maji.

Sasa nina gego limezibwa zamani, ile siment yake imechakaa ukipitisha ulimi unahisi inakwaruza, basi zambarau yote imekolea pale pale, jino la jirani halina kitu. Sehemu yenye mikwaruzo wanajificha, mswaki unapita juu tu. Kilichoitoa ni uzi wa meno na mswaki mdogo wa taratibu, dawa ya kusukutua peke yake wala haikugusa.

Ubaya: paka mafuta ya mgando midomoni kwanza, sinki futa hapo hapo, na usitumie asubuhi kama unaenda kazini. Kama rangi za vyakula zinakuletea aleji achana navyo. Mimi natumia mara moja moja wikiendi, watoto ndo wanavigombania.

Nyota nne. Ya tano nimeibania, boksi halijaandikwa popote kwamba ulimi utashinda na rangi mpaka jioni.